Cheti Kilichotundikwa Ukutani: Utangulizi wa Sheria ya Ndoa Zinazovuka Mipaka

Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo hili, huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni kisa cha ziwa. Fundi wa injini za boti, mzaliwa wa Kigoma, amempenda mwanamke wa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliyekuwa akivuka kuja kuuza vitenge. Wakapeleka taarifa kwa msajili, zikapita siku 21, wakafunga ndoa bomani mbele ya mashahidi wawili. Cheti kikatoka, kikatiwa fremu, kikatundikwa ukutani karibu na kalenda. Miaka tisa baadaye fundi akafa maji. Ameacha nyumba mbili, moja Ujiji na nyingine Kalemie. Kuhusu ile ya Ujiji hakuna ugomvi. Kuhusu ile ya Kalemie, kaka mkubwa wa marehemu anakuja na mwanasheria na hoja moja: "Ndugu yetu hakutoa mahari. Huku Kigoma wewe ni mjane wetu, shemeji. Kule kwenu wewe ni nani?"

Darasa huchangamka. Wengi husema upesi kwamba mjane ana cheti, basi yamekwisha. Hapo ndipo hufungua vitabu viwili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria hiyo haibatiliki kwa sababu tu mila ya mahari haikufuatwa. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inasema kinyume: mume mtarajiwa na watu wake lazima wakubaliane mahari na wazazi wa mke, na ndoa haifungwi mpaka walau sehemu yake iwe imetolewa. Mwanamke ni yule yule na cheti ni kile kile. Akipanda boti akiwa mjane, anaweza kushuka upande wa pili akiwa mgeni tu aliyeishi na mwanamume miaka tisa.

Karibu kwenye mgongano wa sheria. Jina hili huwatisha watu bure, kama kwamba sheria za nchi zinakunjiana ngumi. Kazi yenyewe ni ya unyenyekevu zaidi. Hatuulizi sheria ya nchi gani ni bora, wala ipi ina huruma. Tunauliza ni zamu ya nani kusema. Jaji wa Dar es Salaam anaweza kujikuta anatumia sheria ya Denmark au ya Misri, ambayo hakuisoma chuoni na ambayo itabidi ithibitishwe mbele yake kwa ushahidi wa wataalamu, kama inavyothibitishwa hali ya barabara siku ya ajali.

Na ni vizuri msomaji ajue mapema kwamba swali la uhalali wa ndoa karibu kamwe haliulizwi na wanandoa wenyewe wakiwa wanapendana. Linaulizwa na mtu wa tatu: ofisa wa viza, mfuko wa pensheni, mke mwingine aliyejitokeza msibani, kaka wa marehemu. Linaulizwa wakati walioweza kurekebisha mambo wameshakufa au wameshakosana.

Kanuni ya kwanza ya fani hii ni kwamba ndoa hukatwa vipande viwili. Kuna umbo, yaani jinsi ilivyofungwa: nani aliifungisha, mashahidi wangapi, tangazo, maandishi. Na kuna kiini, yaani kama watu hawa wawili walikuwa na haki ya kuoana: umri, undugu, ndoa nyingine iliyopo, ridhaa. Umbo hutawaliwa na sheria ya mahali ndoa ilipofungwa. Kiini, kwa nchi nyingi, hutawaliwa na sheria ambayo kila mmoja alitoka nayo kwao kabla ya kuoa au kuolewa.

Kesi iliyoupigilia msumari mgawanyo huo ni ya Kiingereza, Brook dhidi ya Brook, iliyoamuliwa na Mabwana wa Bunge la Uingereza mwaka 1861. William Brook alifiwa na mkewe. Mwaka 1850 akamwoa Emily, dada wa marehemu mkewe. Sheria ya Uingereza wakati ule ilihesabu jambo hilo kuwa ni kuoa maharimu, kwa hiyo wakasafiri hadi Wandsbeck, karibu na Hamburg, sehemu iliyokuwa chini ya Denmark, ambako liliruhusiwa. Wakafunga, wakarudi kwao, wakazaa watoto. Wote wawili walipofariki mwaka 1855, ikaja kesi ya mali. Majaji wakasema: utaratibu wa Denmark ulifuatwa sawasawa, umbo halina dosari. Lakini wawili hawa walikuwa watu wa Uingereza, na kama wanaruhusiwa kuoana au la ni swali la Uingereza. Ndoa ikawa batili, na watoto wakawa wa nje ya ndoa.

Nikiisoma kesi hii darasani, wanafunzi wa Pwani hutazamana. Kwetu, mtu aliyefiwa na mkewe akamwoa mdogo wake marehemu, watu husema amefanya la maana, watoto wamepata mama mdogo badala ya mama wa kambo. Katika fiqhi kilichokatazwa ni kuwachanganya ndugu wawili kwa wakati mmoja. Waingereza wenyewe walilifuta katazo hilo mwaka 1907. Ndiyo maana naisoma kila mwaka: inamwonyesha mwanafunzi kwamba kile ambacho nchi inakiita kiini, uchafu usiovumilika, kinaweza kuwa kwa jirani ni wema wa kawaida, na kwa wajukuu wa nchi ile ile kikawa si kitu.

Sasa linganisha na watoro wa Gretna Green. Tangu mwaka 1754, chini ya sheria ya Lord Hardwicke, kijana wa Uingereza aliye chini ya miaka 21 hakuweza kuoa kwa leseni bila idhini ya mzazi. Scotland haikujali idhini hiyo. Ilitosha kutamka mbele ya mashahidi. Kwa hiyo vijana walikodi magari ya farasi wakakimbilia kijiji cha kwanza baada ya mpaka, wakaozeshwa mara nyingine na mhunzi kwenye fuawe lake, wakarudi nyumbani. Mahakama za Uingereza zikazikubali ndoa hizo. Kwa nini Brook akataliwe na hawa wakubaliwe, ilhali wote waliikimbia sheria ya kwao? Kwa sababu idhini ya mzazi iliwekwa kwenye fungu la umbo, na undugu wa ndoa ukawekwa kwenye fungu la kiini. Tofauti yote ni lebo.

Lebo hiyo wanasheria huiita uainishaji, na kwa maoni yangu humo ndimo uamuzi hujificha. Jaji akishatamka "hili ni umbo" au "hili ni kiini", kesi imekwisha, hata kama hukumu itaendelea kurasa 40 zaidi. Mwaka 1860 mahakama ya London ilikutana na wapenzi wa Kifaransa waliovuka bahari kuja kuoana ili kukwepa sheria ya kwao iliyowataka waombe kwanza ushauri wa wazazi. Mahakama ya Ufaransa ilikwisha kuibatilisha ndoa. Ya London ikasema sharti la wazazi ni la umbo, na umbo la hapa lilifuatwa. Basi wakabaki mume na mke London, na wasio kitu Paris. Ndoa ya namna hiyo huitwa ndoa inayochechemea: mguu mmoja mzima, mwingine umevunjika.

Kwa wasomaji wa Pwani kuna sehemu moja ya umbo inayostahili kukaliwa kidogo, nayo ni akdi. Wengi wetu tumehudhuria harusi ambayo bwana harusi yupo msikitini, ameketi kwenye mkeka amepeana mkono na walii, na bibi harusi yuko nyumbani, chumbani, hinna mikononi, anasubiri habari. Shekhe au mashahidi wamekwenda kumuuliza ridhaa mapema. Na bwana harusi mwenyewe akiwa Muscat au Birmingham, huweka wakili akampokelea. Hakuna anayeona ajabu. Kwa majaji wa Kizungu ajabu ilikuwapo. Katika Apt dhidi ya Apt, mwanamke aliyekaa London alisaini hati ya uwakilishi, na mwaka 1941 akaozeshwa Buenos Aires bila kuvuka bahari. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikakubali: kuoa kwa wakili ni namna ya kufunga ndoa, na Argentina iliruhusu. Miaka ya 1990 mwanzoni mahakama hiyo hiyo ilikwenda mbali zaidi katika kesi ya McCabe. Mwanamume wa Ireland na mwanamke wa Ghana waliishi London. Bwana alitoa pauni 100 na chupa ya wiski, vikapelekwa Ghana kwa wakwe, ukoo ukakusanyika, mila ya Kiakan ikatimizwa. Mume na mke hawakuwapo wote wawili. Ndoa ikahesabiwa halali.

Kinachosumbua leo ni simu. Walii yuko Mombasa, mume yuko Toronto kwenye skrini, shekhe yuko Lamu. Ndoa imefungwa wapi? Kanuni yetu yote ya umbo imesimama juu ya neno "mahali", na hapa mahali ni patatu. Ushauri wangu kwa yeyote anayeniuliza ni ule ule: mpe mtu uwakilishi kwa maandishi, wakusanyike watu wote chini ya paa moja, katika nchi moja inayoikubali akdi ya uwakilishi, na ndoa isajiliwe hapo. Simu iwe ya kushangilia tu.

Hadi hapa msomaji ataona sheria ya mahali ni ya ukarimu sana. Ukarimu huo una komeo. Jaji hukataa ndoa iliyotimiza kila kitu ugenini ikiwa kuitambua kunavunja misingi ya nchi yake. Komeo hilo ni la lazima, na limewahi kutumiwa kwa ubaya. Mwezi Juni 1958, Richard na Mildred Loving, mwanamume Mzungu na mwanamke mwenye asili ya Kiafrika na ya Wenyeji wa Asili wa Marekani, walitoka Virginia wakaoana Washington, mwendo mfupi kaskazini. Wakarudi. Cheti wakakitundika ukutani chumbani. Wiki chache baadaye, usiku wa manane, sherifu na watu wake waliingia wakawamulika tochi kitandani. Mildred akaonyesha cheti. Sherifu akajibu kwamba hapa hakina thamani.

Jambo linalowaumiza wanafunzi wangu ni kwamba, kwa sheria ya Virginia ya siku ile, sherifu hakukosea. Jimbo lilikuwa na kifungu mahsusi dhidi ya wakazi wanaotoka nje kukwepa katazo la rangi kisha wakarudi. Hakimu aliwahukumu kifungo cha mwaka mmoja, kisitekelezwe iwapo watahama Virginia kwa miaka 25. Kilichowaokoa tarehe 12 Juni 1967 hakikuwa kanuni ya mgongano wa sheria, kilikuwa Katiba ya Marekani. Fani yetu ina mipaka yake: inajua kuchagua sheria, haijui kuitibu ile iliyooza.

Sisi huku tuliwahi kuwa upande wa kupimwa. Mwaka 1866, katika Hyde dhidi ya Hyde, Lord Penzance alikataa kushughulikia talaka ya ndoa iliyofungwa Utah kwa mapokeo ya Kimormoni, ingawa mume alikuwa na mke mmoja tu, kwa kuwa ndoa ya mapokeo yale iliruhusu wengi. Ndoa, alisema, ni ile inayoeleweka katika nchi za Kikristo. Kipimo hicho kikasafiri kwa meli hadi huku. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton wa himaya ya Afrika Mashariki alisema muungano wa kimila ni ununuzi wa mke na haufai kuitwa ndoa, kwa hiyo mke angeweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Mtu alikuwa ameoa kwa mahari, wazee na pombe ya ukoo, akaambiwa hajaoa, na aliyemwambia amekaa kiti cha jaji katika nchi ya huyo aliyeoa.

Uingereza ya leo imelegea sana, ila bado ina kamba moja ambayo ndugu zetu wa London hujikwaa nayo. Mwenye makazi ya kudumu ya kisheria Uingereza hawezi kufunga nje ndoa inayomfanya kuwa na wake wawili. Anakuja Tanga likizo, anaongeza mke wa pili kwa akdi safi kabisa, shekhe, walii na mahari taslimu. Kwa Tanga ameoa. Kwa London hajaoa, na bibi yule atakayesubiri viza ya mke atasubiri kitu ambacho hakipo.

Umri ni mgumu kuliko yote, nami sitajifanya nina jibu jepesi. Rwanda iliweka miaka 21, Kenya 18 tangu sheria yake ya mwaka 2014, na Tanzania sheria ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15, vifungu ambavyo Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, katika shauri la Rebeca Gyumi, zilisema vinapingana na Katiba. Mwaka 1968 mahakama ya Uingereza iliitambua ndoa ya binti wa miaka 13 iliyofungwa kaskazini mwa Nigeria. Leo ukiisoma unakunja uso. Ujerumani mwaka 2017 ikaenda upande wa pili: ndoa yoyote ya nje ambayo mmoja wao hakufika miaka 16 ni batili moja kwa moja, hakuna jaji kuuliza lolote. Ilionekana ni ushujaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika suala la wanandoa wa Syria, ikaona kasoro: sheria ilimvua msichana ndoa bila kumwachia haki hata ya matunzo, wala njia ya kuihalalisha akishakuwa mtu mzima na akitaka. Kumlinda mtoto kwa kumwambia hajawahi kuolewa ni rahisi kwa aliye ofisini. Mwenye mtoto mgongoni anataka kujua nani atalipa kodi ya nyumba.

Nimesema kiini hutawaliwa na sheria mtu "aliyotoka nayo kwao". Kwao ni wapi? Hapa dunia imegawanyika. Nchi zenye mapokeo ya Kiingereza, Tanzania na Kenya zikiwemo, hutazama domisili: makazi ya kisheria, pale ulipo na nia ya kubaki. Kijana wetu aliyesoma Guangzhou miaka sita huku akijenga kidogo kidogo Morogoro, domisili yake ni Tanzania. Nchi zenye mapokeo ya bara la Ulaya, kama Ujerumani, na kama Kongo iliyorithi ya Ubelgiji, hutazama uraia, fikra iliyopata nguvu kwa Mwitaliano Mancini tangu mhadhara wake wa Turin mwaka 1851. Uraia una faida kwamba umeandikwa kwenye pasipoti. Domisili imeandikwa moyoni, na mawakili hulipwa vizuri kusoma mioyo.

Tanzania imeweka kanuni yake katika kifungu cha 36 cha sheria ile ya 1971. Ndoa ya nje inatambuliwa ikiwa umbo lilifuata sheria ya huko, kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuoa kwa sheria ya domisili yake, na ridhaa ilikuwapo. Mpaka hapo ni uashi mzuri. Halafu kinaongeza: mmoja wao akiwa raia wa Tanzania au mwenye domisili hapa, basi wote wawili lazima wawe na uwezo kwa sheria ya Tanzania. Mimi huona nyongeza hii ina uchoyo. Inampima mgeni kwa kipimo ambacho hakuwahi kukisikia, juu ya kipimo cha kwao ambacho ameshakitimiza. Wenzangu kadhaa hunipinga, wakisema ndiyo kinga ya binti zetu. Huenda. Lakini kinga ingewatosha kwa kumpima Mtanzania peke yake.

Na usidhani mpaka ni lazima uwe na forodha. Sheria hiyo ya 1971 ni ya Tanzania Bara. Ukipanda boti ya saa mbili hivi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, ndoa ya Waislamu inaingia kwenye himaya ya Mahakama za Kadhi, ndani ya Jamhuri moja, chini ya pasipoti moja. Ukiendelea na safari hadi Oman, ambako Wazanzibari wana wajomba na shangazi, unakuta dola yenyewe ilikuwa inataka kibali kabla Muomani hajaoa mgeni, mpaka amri ya Sultani Na. 23 ya mwaka 2023 ilipoliondoa sharti hilo. Wangapi waliofunga akdi Unguja kimya kimya miaka ile na kurudi na mke asiye na karatasi, ni habari ya vibarazani.

Mataifa yalijaribu kulimaliza jambo hili kwa mkataba mmoja. Mkataba wa The Hague wa tarehe 14 Machi 1978 unataka ndoa iliyofungwa kihalali mahali fulani itambuliwe kwingine, isipokuwa kwa sababu chache. Waliouridhia ni Australia, Luxembourg na Uholanzi. Basi. Nchi zinapenda kusaini mikataba ya posta na ndege. Kitanda kila moja inataka kukitandika yenyewe.

Turudi ziwani, maana mjane bado amesimama gatini Kalemie na cheti chake. Mahari ni umbo au kiini? Ikiwa umbo, Kigoma ndiyo iliyosema, na Kigoma haikuitaka. Ikiwa kiini, mjane ni raia wa Kongo, na wanasheria wa Kongo huihesabu miongoni mwa masharti ya kiini. Nimesikia darasani hoja nzuri za pande zote mbili, na nimewahi kubadili mawazo mwenyewe zaidi ya mara moja. Lakini mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kike, mtu wa Uvinza, aliacha hoja zote hizo akanyoosha mkono na kuuliza swali la ukweli, si la sheria. Kanuni ya Kongo, alisema, inadai walau sehemu ya mahari. Je, fundi alipokwenda Kalemie mara ya kwanza kujitambulisha, alikwenda mikono mitupu?

Sikuwa nimeliweka hilo kwenye kisa. Nikalifikiria, nikamwambia: tuseme alimpelekea mama mkwe doti moja ya kitenge na debe la dagaa.

"Mama alizipokea?"

"Alizipokea."

"Basi, mwalimu," akasema, "mwite mama shahidi."